Gobore Lililooshwa Siku ya Sabato

Kendu Bay,
Ijumaa, 10 Juni 1966

Kwako rafiki na dada yangu Nyasuguta,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Mguu wa Mzee Mniko unaendeleaje? Bado anaukanda kwa ile dawa inayonuka, au alikwisha kuitupa? Sisi huku tu wazima. Mahindi yamefika kifuani, na Simeon wetu ameandika kutoka shuleni kwamba viatu vinambana, maana yake anakua.

Habari kubwa ni ya gobore la Baba Simeon. Unalikumbuka, ulipotutembelea ulikataa kulala chumba kimoja nalo. Bila hilo viboko wangemaliza shamba na sisi tungebaki kutazamana. Mwaka jana karani wa leseni alichungulia mtutu akaona kutu, akasema akiiona tena, gobore halirudi nyumbani. Safari hii alitaka kulikagua Jumatatu, tarehe thelathini Mei.

Sasa Ijumaa kabla ya hapo, jua likiwa linazama, kiboko akaingia mahindini. Baba Simeon akafyatua hewani, mnyama akarudi majini, na Sabato ikawa imeingia. Nilimsihi aoshe mtutu upesi, maana masizi ya baruti yanavuta unyevu, na hapa ziwani chuma kinaamka kimekuwa chekundu. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, gobore litangoja Sabato iishe. Akaliegemeza ukutani, akafungua Biblia.

Jumamosi jua lilipotua alitumbukiza kitambaa, kikatoka cheupe. Jumatatu karani akapiga muhuri bila neno. Sabato iliyofuata mume wangu alisimama mbele ya kanisa lote, akasema Mungu amelilinda gobore la mtu aliyeitunza siku yake. Watu wakaitikia amina. Filister, mke wa mchungaji, alilia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nyasuguta, ni mimi. Ile Sabato asubuhi nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki nyumbani. Kwanza nilihakikisha fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, haipo, kisha nikatumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mtutuni mpaka ile alama ya mtutu mtupu aliyoikata Baba Simeon kwa kisu, nikajua ndani hamna kitu. Pembe ya baruti niliipeleka chumba cha mwisho, mbali na moto. Nikamimina maji ya moto yenye sabuni, yakatoka meusi kama uji ulioungua. Nikarudia hadi yakawa safi, nikasuuza kwa maji yanayochemka ili chuma kikauke upesi, nikapitisha vitambaa, mwisho mafuta ya cherehani. Baadaye kichwa kiliniuma kweli.

Jumapili, siku moja baada ya ushuhuda ule, nikamweleza Baba Simeon yote. Akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko mpaka nikaanza kuwaza kurudi kwetu na umri huu. Aliporudi akasema, "Mama Simeon, umenifanya mwongo kanisani." Nikakubali. Akaketi, akavua kofia. "Lakini mafuta ya cherehani niliyanusa tangu jioni ile. Basi tuko waongo wawili."

Kesho tutasimama pamoja. Yeye aseme alichonusa, mimi niseme nilichoosha. Huenda wazee wakamweka kando kwa muda, sijui. Najua tu kwamba tangu Jumapili ninalala vizuri. Na Jumatano alitoka sokoni na chupa mpya ya mafuta ya cherehani, akaiweka mezani kwangu, na cherehani yenyewe iko kwa fundi tangu Machi.

Leo amefyatua saa nane mchana, viboko wakiwa bado majini, eti kuwaonya mapema. Ameosha mtutu mwenyewe, masizi mpaka viwikoni, nami nikimmiminia maji. Sasa jua linashuka, Sabato inaingia, na kalamu lazima ipumzike. Msalimie Mzee Mniko, na Mellen, na wote wanaonikumbuka. Mungu awalaze salama.

Ni mimi akupendaye,
Phelesia, Mama Simeon