Wageni wa Wahu Kutoka Moiben

Kapsoya,
Eldoret.
14 Juni 2026.

Mpendwa ndugu yangu Njenga,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufikisha leo. U hali gani huko Edmonton? Mgongo umepoa? Natumaini baridi imekwisha na umeacha kuvaa makoti matatu kama gunia la viazi. Sisi huku tu wazima. Sukari yangu imeshuka kidogo, na duka linaendelea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika ninakokwenda. Barua hii utaletewa na mwenzetu wa kanisa anayesafiri, pamoja na majani ya chai. Usiwagawie majirani.

Mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Kanisani, wazee wamekataza wanasiasa kushika kipaza sauti, na juzi mmoja aliondoka na bahasha yake ya mchango mkononi. Tulipiga makofi. Lakini kura ni mwaka ujao, na baadhi ya watu wa kabila letu, kwa hofu ya ghasia, wameshaanza kupeleka vitanda na magodoro Nyeri, eti kwa muda tu. Mchungaji anatuambia tusiogope. Mimi siogopi. Nimekufa ganzi, na sijui kama hiyo nayo ni imani.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Uliniambia nimkatalie Kipkoech, kijana anayetaka kumwoa Wahu wetu. Kipkoech ni mtu mzuri, Njenga. Ni mwalimu wa shule pale Pioneer, anaimba besi katika kwaya yetu, na mwaka mzima nilimkaribisha chai bila kujua ni wa nani, maana utotoni alilelewa mbali kwa nyanya yake. Siku waliponiambia wanataka kuoana, nikamuuliza jina la baba yake kama mama yeyote. Akasema ni Mzee Joseph wa Moiben. Niliendelea kumimina chai.

Unayajua yaliyotokea, lakini wacha niyaandike mara moja maishani. Januari ile ya 2008, tulipokimbia ghasia za kura kule Moiben, marehemu mume wangu Mungai alikuwa Nakuru. Wahu nilimshika mkono. Mdogo wake wa miezi saba alikuwa mgongoni, anakohoa. Nilibisha geti la Joseph, jirani yetu na mzee wa kanisa tuliyesali naye kila Jumapili. Mbwa wake alibweka mara mbili, kisha akanyamazishwa. Nyumba tupu hainyamazishi mbwa. Nilibisha mpaka ngumi ikauma, kisha tukaenda zetu. Tulilala kambini kwenye baridi, na wiki ya tatu nimonia ikamchukua mtoto. Baadaye Joseph aliwaambia watu kwamba siku hiyo alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe.

Tangu hapo, kwenye Sala ya Bwana, nikifika pale pa kusamehe hunyamaza. Nawaacha wenzangu wavuke, kisha najiunga nao mbele. Miaka kumi na minane. Mungu amenivumilia, au labda amezoea.

Sikumkatalia Kipkoech. Usidhani ni wema. Sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kukubali. Wahu alilia akinisihi nimsemeshe hata kwa hasira, nikamwambia tu alete wageni.

Walikuja Jumamosi ya juma lililopita. Unaijua ruracio yetu, siku ya kuleta mahari: wageni wanafungiwa nje, akina mama wa boma wanawaimbia wakiwauliza ni akina nani na wanatafuta nini, nao wanajibu kwa wimbo mpaka wafunguliwe. Ni mchezo na vicheko. Jirani yangu Eddah ndiye aliyeongoza. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na sikumpa mtu.

Waliimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Eddah akanigeukia.

"Mama Wahu, si ufungue sasa? Wageni wamechoka, na hii mvua inakuja."

Mkono ulikataa. Nje, vicheko vikaisha. Manyunyu yakaanza. Wahu alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mpya akinitazama, na nilijua kwamba nikirudi ndani bila kufungua, ndoa yake imeishia hapo.

Ndipo Joseph akasogea getini, kofia mkononi. Amezeeka sana. Wimbo ukakatika, naye akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama Wahu, ile siku nilikuwa ndani. Ni mimi nilishika mbwa mdomo. Wale vijana wa vita walisema nikificha mtu watachoma nyumba na watu wangu, na mimi nikaogopa. Nilidanganya hata kanisa."

Nilitafuta hasira nikaikosa, na hilo liliniogopesha kuliko hasira yenyewe.

"Mtoto alikuwa anakohoa," akasema. "Mimi huwa namsikia. Alikuwa anaitwa nani?"

Njenga, kwa desturi ni sisi tunaowauliza wageni majina. Miaka hii yote watu wameniombea, wameniletea unga, wamenihubiria kusamehe, na hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto aliitwa nani. Hata sisi hapa nyumbani tuliacha kumtaja.

Nikasema, "Zachariah."

Joseph akalirudia polepole. Akina mama wa Moiben waliokuwa nyuma yake walidhani ni jibu la wimbo, wakalipokea kwa sauti zao zote: Zachariah, Zachariah. Liliimbwa Kapsoya nzima, kwenye mvua, na mimi nikafungua geti.

Nisikudanganye, sikumsamehe siku hiyo. Nilimpakulia chakula, akala, akashukuru. Harusi ni Desemba. Wewe ndiye mjomba, kwa hivyo anza kutafuta tikiti, na ujue utaketi naye meza moja.

Msalimie mke wako Waithira na watoto. Wahu anakusalimu sana, na Eddah anauliza kama huko bado hujajifunza kupika ugali. Bwana akufunike wewe na nyumba yako, akulinde kazini na barabarani. Na ukipiga magoti, usianze kwa kuniombea nisamehe. Niombee kwanza nihisi kitu, hata kama kitauma.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Waiyego