Kadi ya Bendi Nyeusi

2 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na Mama bado anakuvumilia wewe na redio yako. Mimi huku ughaibuni sijambo, ila baridi imeniamulia. Ningekupigia simu, lakini ile niliyokununulia najua umeifungia kabatini ili isichakae.

Nina ombi. Unamjua Bibi ninayemlea, yule mjane wa ghorofa ya tatu. Ana watoto watatu. Binti mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule. Wa kati ni dalali wa nyumba. Kitinda mimba ni dereva wa malori ya safari ndefu. Krismasi iliyopita hakuja hata mmoja. Wawili wakubwa walituma kadi za dukani, zimeandikwa kila kitu, wao wakatia sahihi tu. Bibi alizisimamisha mezani, akazitazama weee, kisha akaniambia, "Kadi hainywi chai."

Kitinda mimba hakutuma hata hiyo. Miaka mingi iliyopita alikosa maziko ya baba yake kwa sababu alikuwa safarini na mzigo. Bibi kwa hasira akamwambia asikanyage tena hapa mpaka aitwe. Tangu siku hiyo hawajaongea. Ndugu zake hawana hata namba yake. Bibi peke yake ndiye mwenye anwani ya ofisi ya malori anakofanyia kazi, ameiandika nyuma ya picha yake ya utotoni.

Basi nimewaza: nani anatengeneza kadi za mkono kama wewe? Naambatanisha picha ya Bibi niliyompiga dirishani, mwaka wake wa kuzaliwa, na anwani za watoto. Tengeneza tatu, maneno nakuachia wewe, uzitume moja kwa moja kutoka studio yako ya picha zisichelewe. Nataka wakizifungua mioyo iwashtuke, waje. Bibi hajui lolote, nimemwibia hiyo anwani akiwa bafuni.

Ni mimi mwanao,
Chiriku

19 Novemba

Kwako Chiriku mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Sisi hatujambo. Goti linauma jioni tu, na redio imeharibika, kwa hiyo mama yako ananipenda upya. Anauliza kama unakula au unakunywa chai tu kama ulivyokuwa ukifanya ukisoma.

Kazi yako imekwisha na imeshaondoka. Nisijisifu, lakini tangu nifungue studio sijatengeneza kadi kama hizi. Sura ya Bibi yako ina utulivu, nikaona nisiichezee. Nimeiweka katikati, nikaizungushia bendi nyeusi, ule mstari mpana wa ukingoni, pande zote nne kama ilivyo ada yetu. Unajua mwenyewe, bendi nyeusi inauinua uso, halafu inaficha mkasi ukipinda. Chini ya picha, kwa wino wa dhahabu, nimeandika mwaka aliozaliwa upande wa kushoto na mwaka huu upande wa kulia, ili vitukuu wakija kuiona wajue alipigwa picha akiwa na umri gani. Kwenye kona nimechora mshumaa, maana ni Krismasi, na maua meupe kwa sababu rangi nyekundu ilikuwa imeniishia.

Ndani nimeandika salamu kwa lugha yetu. Najua hawaisomi, lakini salamu ya kweli mtu huitoa kwa lugha aliyonyonya nayo. Kadi yenyewe wakiitazama tu wataelewa. Nimetia na jina lako, wasije wakadhani ni tangazo la duka.

Wakija, mpikie Bibi kitu kizuri. Na wewe Krismasi vaa soksi.

Ni mimi baba yako

14 Desemba

Baba,

Shikamoo. Niko mzima, Bibi naye ni mzima, na hiyo ndiyo habari kubwa ya huku. Kaa chini.

Jana asubuhi kengele ililia. Mimi nilikuwa nafua, mikono imejaa sabuni, Bibi akaenda mlangoni mwenyewe na fimbo yake. Mara nikasikia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nilipofika, binti mkubwa alikuwa ameketi kwenye ngazi, nguo nyeusi kuanzia kofia hadi viatu. Alikuwa amekuja na shada la maua, lenyewe lilimponyoka likabingirika ngazi zote hadi chini. Bibi anauliza tu, "Hayo maua ya nani? Nani amekufa?"

Baba, huku kadi yenye ukingo mweusi haitumwi ila kwa jambo moja. Ukiongeza na miaka miwili chini ya picha, ukaongeza mshumaa na maua meupe, basi umeshamzika mtu. Mtaani kwetu watu wamekuzoea, hata kadi za harusi unazipiga bendi nyeusi na watu wanacheza. Nami nimekulia humo humo, barua yako ilipofika niliisoma nikacheka habari ya soksi. Sikuona kitu, Baba! Nimeishi huku miaka yote hii na sikuona kitu.

Binti mkubwa hajarudiwa na rangi, akaingia wa kati, yule dalali. Wale hata simu hawapigiani. Alikuwa na wapagazi wawili na futi ya kupimia. Hakubisha hodi, ana ufunguo. Akapitiliza hadi kwenye kabati la ukumbini akaanza kulipima, urefu, upana. Bibi alikuwa amejilaza chumbani kwa ule mshtuko. Akamwita kwa sauti kavu, "Ukimaliza hapo njoo upime na kitanda. Nimo."

Yule mwanamume alipiga magoti, Baba. Wapagazi walikimbia, mmoja ameacha kofia yake hapa.

Binti mkubwa alitaka nifukuzwe hapo hapo. Alinishikia ile kadi usoni. Nililia tu. Bibi akaichukua, akavaa miwani, akaitazama sana. Akasema, "Picha nzuri." Kisha akawageukia wanawe: "Leo mmekuja wawili kwa siku moja. Mara ya mwisho ilikuwa lini? Huyu haendi popote."

Walibaki, wakala, wakaosha vyombo. Lakini kitinda mimba hajafika wala hajatuma neno. Bibi haulizi kwa mdomo. Kengele ikilia, anaweka kikombe chini.

Mwanao,
Chiriku

29 Desemba

Chiriku mwanangu,

Barua yako nimeisomea dukani mbele ya wateja, nikalazimika kushika meza. Mama yako alidhani nimepata kiharusi. Nimefunga studio tangu jana. Sijui nitamwambia nini mzee mwenzangu wa umri ule, kwamba mimi mtu mzima na mvi zangu nimemtangaza maiti kwa wanawe mwenyewe! Kila nikifumba macho namwona binti yule kwenye ngazi.

Mwombee radhi kwa niaba yangu. Na huyu wa tatu je? Anajua mama yake amekufa, anaendesha lori na jambo hilo kifuani. Mwandikieni upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baba yako

17 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Fungua studio. Bibi anakusalimu sana, anasema makosa yako yana faida kuliko usahihi wa watu wengine.

Kabla hatujaamua kumwandikia, barua ya kitinda mimba imefika. Kadi ilimkuta kwa kuchelewa, alikuwa safarini. Juu ya bahasha ameandika "familia ya marehemu," na Bibi hufungua mwenyewe kila kinachoingia humu. Kwa hiyo, Baba, nimekaa jikoni nikamtazama mtu akisoma rambirambi zake mwenyewe.

Alisoma hadi mwisho. Kisha akanipa na mimi. Sijazoea kusoma maneno kama yale ya mwanamume. Ameandika: "Mama, nilikosa maziko ya baba, sasa na yako. Ulisema nisije mpaka niitwe. Nilisubiri uniite. Kila nikipita mji wenu nilikuwa naegesha lori upande wa pili wa barabara, naangalia kama taa ya jikoni inawaka, halafu naendelea na safari. Sasa nani ataniita?"

Bibi alipiga meza kwa kiganja. "Mpumbavu! Na mimi nilikuwa nasubiri aje bila kuitwa." Akacheka, akalia, akanituma nikamletee karatasi za kufutia machozi, akamaliza karibu pakiti nzima.

Nikachukua kalamu nimwandikie kwamba mama yake yu hai. Bibi akanishika mkono. Hataki. Anasema, "Akijua niko hai ataona haya, atanyamaza tena. Niache kidogo nipendwe." Sasa anaisoma kila asubuhi kabla ya dawa, na akipoteza miwani ananiita nimsomee.

Baba, nifanye nini? Nikinyamaza, yule mtu anaomboleza bure barabarani. Nikisema, naogopa nitamnyang'anya Bibi furaha yake. Nishauri.

Mwanao,
Chiriku

2 Februari

Mwanangu,

Hatujambo. Sikuandikii habari za goti leo.

Mwambie Bibi, kwa heshima zote, kwamba hiyo furaha ameiiba. Mimi ndiye niliyemzika, basi nina haki ya kumfufua. Amwandikie mwanawe leo, kwa mkono wake mwenyewe, na akikataa andika wewe. Mtu hawezi kuitwa na maiti. Na umri ule, mwanangu, hausemi nitafanya kesho.

Studio nimefungua. Bendi sasa napiga ya kijani.

Baba yako

20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki kirefu. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Nilimsomea Bibi maneno yako. Alinuna siku nzima, jioni akaomba kalamu. Hakuandika mengi: "Sijafa. Njoo." Mimi nikaongeza karatasi ya kueleza habari za studio na bendi. Jibu lilikuja haraka. Dereva alisema amelia, kisha amecheka mpaka wenzake wakamwona chizi, na kwamba ana mzigo wa safari mbili, akimaliza anakuja Pasaka. Tulipaka chumba chake rangi. Bibi alishika brashi.

Baba, Bibi alifariki majuma matatu kabla ya Pasaka. Alikuwa kitini mwake mchana, mimi niko sebuleni hapo hapo napiga pasi, nikamuuliza kitu hakunijibu. Nikarudia. Nikazima pasi.

Binti mkubwa alikuja na wa kati pia, safari hii bila futi. Wakamtumia mdogo wao kadi ya msiba ya huku, yenye ukingo mweusi wa kweli. Namba yake bado hatukuwa nayo, nikapiga simu ofisi ya malori. Karani akaniambia, anacheka kabisa, "Ametuonya. Amesema mama yake anapenda mizaha ya namna hiyo." Nilipiga kelele kwenye ile simu, Baba, nikamwapia. Akasema ataacha ujumbe. Siku ya maziko likaja jibu la dereva, kadi ya dukani yenye jogoo wa kuchekesha: "Mama, kadi ya pili hiyo! Safari hii hunipati. Pasaka niko hapo." Binti mkubwa aliisoma kwa sauti, kisha akaomba atolewe nje.

Watoto wakanitaka nibaki na nyumba mpaka vitu viondolewe. Kwa hiyo Pasaka ilinikuta mimi humu.

Alifika asubuhi. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi, anapanda mbilimbili. Kabla sijafika mlangoni ameshaita, "Mama! Nimeitwa, nimekuja!" Ni mtu mkubwa, mabega yamejaa mlango, na mkononi ana ndara za manyoya za ndani zilizofungwa kwa utepe. Alikuwa anacheka. Baba, mtu yule alikuwa anacheka kwa furaha na mimi ndiye niliyekuwa wa kumwambia.

Nikamwambia. Akaangalia nyuma yangu, anamtafuta Bibi, anadhani amejificha. Alifungua jikoni, akafungua chumbani, akafungua hadi lile kabati la ukumbini. Halafu akasimama katikati ya chumba kilichopakwa rangi na zile ndara mkononi. Sikujua niweke wapi macho yangu.

Kisha akaniuliza jambo. "Ile barua yangu ya kwanza. Ya rambirambi. Aliisoma mwenyewe?"

Nikamwambia aliisoma mwenyewe, tena kila asubuhi kabla ya dawa, na mara nyingine nilimsomea mimi.

"Alisema nini?"

Nilifikiri nimpambie, nikashindwa. "Alisema wewe ni mpumbavu. Na kwamba alikuwa anasubiri uje bila kuitwa."

Akakaa kwenye kiti cha mama yake. Akalia kama anavyolia mtoto mdogo, bila kujificha, kamasi na yote, nami nikalia pamoja naye maana sikuwa na kazi nyingine. Alipomaliza akafuta uso kwa ule utepe. Akasema mama yake hakuwahi kumsikia akisema neno jema hata moja tangu awe mtu mzima, na kama si ile kadi asingelisikia kamwe. Akaniuliza ni nani aliyeitengeneza.

Nimempa anwani ya studio. Aliandika hapo hapo kwenye meza ya jikoni, kurasa nyingi, hakunionyesha. Barua yake ikifika, Baba, usiisomee dukani. Nenda nyumbani, umwite Mama akae karibu nawe, ndipo uifungue.

Mwanao,
Chiriku