Amiba wa Ghorofa ya Tisa

Dubai Marina,
Machi 2014.

Dada Loise mpendwa,

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mgongo wa mama umepata nafuu tangu aanze zile dawa. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama langoni masaa kumi na mawili kila siku. Barua hii nitampa Herbert, mlinzi mwenzangu anayekuja likizo, maana yaliyomo ningekueleza kwa simu ungenikatia.

Dada, huku nimekuwa mwalimu wa sayansi. Usicheke kwanza. Ghorofa ya tisa ya jengo ninalolinda anakaa Madam Sheikha, mfanyabiashara kutoka Mombasa. Siku moja nilijigamba mbele yake kwamba kwetu ni nyumba ya walimu. Nilimaanisha wewe, yeye akaelewa mimi. Wiki iliyofuata akaniita. Binti yake Fairuz, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na mtihani Jumapili, ambayo huku ni siku ya shule, juu ya namna viumbe wa seli moja wanavyoishi, wakilinganishwa na wa seli nyingi. Nilitaka kukana, lakini alikwisha kunipakulia biriani.

Nikaanza na amiba, na hapo ungejivunia. Nilimweleza Fairuz kwamba seli ile moja ndiyo mwili wote. Haina mdomo, hivyo hukizunguka chakula na kukimeza upande wowote. Haina mapafu, hewa hupenya kwenye utando wake, na uchafu hutokea huko huko. Ikikua vya kutosha hugawanyika, zikawa mbili. Fairuz akauliza kati ya hizo mbili mama ni yupi. Nikasema hakuna, wote ni watoto. Akauliza basi mama alikufa lini. Nikaomba maji ya kunywa.

Seli nyingi ndizo zilizonitoa jasho, maana sikuwa na kitu kichwani. Nikamwambia aangalie jengo letu: mimi nalinda, Kasian anafagia, fundi anashughulikia lifti, na hakuna anayeiweza kazi ya mwenzake. Vivyo hivyo seli ya jicho haiwezi kusaga chakula. Damu isipoiletea chakula na hewa, khalas, inakufa. Akauliza kama mimi nikifa jengo litaanguka. Mama yake akadakia kwamba la, mlinzi mwingine ataletwa kabla ya chakula cha mchana, kama ngozi inavyobadilisha seli zake. Walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Fairuz alipata kumi na tisa kati ya ishirini. Madam akanisifu shuleni, na sasa nimealikwa Jumatano nifundishe darasa zima! Leo nimepanda kumwambia ukweli, nikijua akinishtaki kwa arbab, yaani tajiri aliyeniajiri, narudishwa nyumbani. Akauliza, kama si mwalimu, amiba nilimjulia wapi?

Dada, lile daftari lako la baolojia lililopotea wiki moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nililichukua mimi. Nilikuwa nauza njugu, na karatasi za kufungia zilikuwa zimeniishia. Kila ukurasa niliusoma kabla ya kuukunja. Ule wa seli nyingi mteja alinihimiza, ukaenda sijausoma. Binamu yetu Dorah hakuiba chochote. Miaka tisa hamsalimiani kwa ajili yangu.

Madam amecheka mpaka akakaa chini. Hatanishtaki, ila ameniamuru nikuandikie papo hapo, mezani kwake. Anachungulia begani kwangu, anasema nisisahau kuandika kwamba naomba msamaha.

Naomba msamaha.

Naomba msamaha, dada. Hili la pili hakuniambia mtu.

Nisalimie mama, watoto, na Dorah ukimwendea.

Ni mimi mdogo wako,
Zadock