Kilio cha Cafer

Mjukuu wangu Dursun,

Huna haya. Idi zote mbili zimepita sijauona uso wako, na sijasikia kwamba mabasi ya Istanbul yamekatazwa kuja Sivas. Hujambo lakini? Unakula? Mimi nipo, goti limevimba, ng'ombe kazaa. Anayeandika ni Gülizar, binti wa jirani. Mimi nasema, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Ijumaa alinikuta nafunga wali kwenye majani ya mzabibu, akasema umetoa wimbo. Akaweka simu dirishani, sauti yote. Kwanza nikasikia saz ya marehemu babu yako, nyuzi zake nazijua hata usingizini. Halafu gitaa la umeme likaingia, linaburuta miguu kama mlevi anayetafuta kwao. Nikauliza ni nani huyo anaumwa. Gülizar akasema si mtu, ni bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, nao ndivyo wanavyolia. Ndipo ukaimba kilio changu, neno kwa neno: Cafer, kishati chako hakijakauka.

Unajua hapa kilio hakiimbwi kwenye nyumba isiyo na maiti. Wimbo haujaisha, Satı wa ng'ambo ya njia kafika na sufuria ya ngano ya bulguri, nyuma yake wanawake na supu, wanauliza nani. Nikasema hakuna. Satı akasema nisimfiche, asiyeonekana ni Dursun. Nikamwambia anayeimba ndiye Dursun. Akaniuliza tangu lini maiti akajililia mwenyewe. Mara watu wakapiga makofi humo ndani ya simu. Sikujua nicheke au nivue kiatu nimpige mtu. Tukala tu, chakula kisiharibike.

Gülizar anasema huko unawaambia watu Cafer ni ami yako aliyekufa mdogo. Nani kakwambia? Cafer ni wewe. Hujaota hata meno, homa ikakukausha, pumzi ikapotea, maji ya kukuosha yako motoni, nikakulilia kwa sauti yangu yote. Ukapiga chafya. Siku hiyohiyo tukakuita Dursun, yaani abaki, ili Israili mtoa roho akirudi kumuulizia Cafer asimpate. Baadaye nilikiimba zizini nikidhani niko peke yangu, kumbe masikio yako yako mlangoni.

Sasa unalitangaza jina hilo Istanbul nzima. Naogopa, mwanangu. Na bado kila siku namwambia Gülizar aniwekee tena, sauti chini, mlango umefungwa, maana lile gitaa linakwama palepale koo langu lilipokwama siku ile. Nani kaliambia? Nikukataze, au nikuombe uendelee?

Wasalimie wenzako wa gitaa, waambie wale vizuri. Nakubusu macho yote mawili.

Ukija, usipite njia ya nyuma kama kawaida yako. Sufuria za watu bado ziko kwangu, na hapa sufuria hairudishwi tupu. Utazijaza, utazirudisha mwenyewe mlango kwa mlango, kwa Satı kwanza, na ucheke, wakuone una meno.

Bibi yako,
Döndü