Kipande Kilichokatwa Katikati

Fatu, mwenzio leo kaumbuka. Kaumbuka jamani!

Si unamjua mjukuu wangu, Mashavu, anayesoma hesabu chuoni? Karudi jana na bango la karatasi, rangi zinazunguka kama pia. Mwenzio akadhani ni picha ya kitenge kipya. Sare ya ile harusi yetu ya mwezi ujao hiyo imepatikana!

Akafanya kama enzi zetu za ujamaa kule Handeni, tulipokuwa tukipeleka kipande cha mfano duka la kijiji. Akachukua mkasi, akakata, akafunga kwenye pindo la khanga, huyoo Korogwe dukani.

Kurudi, Mashavu analia. "Bibi, kesho nalieleza bango hili mbele ya walimu! Umekata wapi?"

"Katikati mjukuu wangu, pale rangi zote zinapokutana. Ndipo penye uzuri."

KATIKATI, Fatu!

Kumbe zile ni namba zilizo kama mishale. Kila rangi inasema jibu linaelekea upande gani. Na pale zinapokutana zote, jibu halina upande, ni sifuri. Ndiyo aliyokuwa akiitafuta mwaka mzima, na mwenzio kaifunga pindoni kama nauli!

Tumekibandika kile kipande kwa uji wa muhogo. Mikunjo inaonekana, ila rangi zimeungana. Mashavu akafuta machozi.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Rangi zote nje, ndani hamna kitu."

Mwenzio hakufikiri hata kidogo. "Kichwa cha bibi yako!"

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. "Umekaribia, bibi. Ni sifuri."