Klé Niliyoifunga Mwenyewe

Jumatano. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa limekuwa rangi ya majivu. Kifua kinanibana. Nimekaa kitandani, mto mgongoni, kompyuta ya garaji juu ya mapaja, na naandika polepole kwa sababu vidole vyangu vinachoka upesi kuliko mawazo.

Mnaonisoma mnajua kwamba hapa Rumonge sina intaneti. Naandika, naweka kwenye disketi, na mkwe wangu Hamisi huipeleka Bujumbura anapokwenda na lori la mawese. Huko mpwa wangu ndiye anayeyaweka maneno yangu mahali mnapoyaona.

Leo sijui kama nataka disketi hii ifike.

Daktari ameniambia kwa upole kwamba nisipange mambo ya mbali. Basi niseme la karibu, nililolifanya jana, kabla sijalizoea.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Vita vilipofunga shule yetu, Byamungu, Mkongo mwenye garaji karibu na soko, aliniita nimsomee Kifaransa cha kompyuta yake. Malori yanayoletwa siku hizi kutoka Ulaya yana ubongo wa umeme ndani ya injini. Ukibadilisha pompe, yaani pampu ya mafuta, injini haiwaki mpaka programu ya kompyuta iutambulishe ubongo huo kwa pompe mpya. Na programu yenyewe haifunguki bila klé, kidude cha plastiki kama kiberiti kinachochomekwa nyuma ya kompyuta kuonyesha kwamba uliinunua kihalali. Kwa kuwa wezi ni wengi, kompyuta na klé vinalala kwangu.

"Kwa Mwalimu hakipotei kitu," Byamungu hupenda kusema.

Juzi lori la Hamisi lilitiwa pompe mpya. Ilibaki kazi yangu tu, kazi fupi ya kubonyeza na kusubiri, ili kesho asubuhi aingie kwenye konvoi.

Barabara ya Bujumbura haiendwi peke yako, kwa sababu ya waviziaji. Magari yanakusanyika kwenye kizuizi, wanajeshi wanatangulia, kisha wote wanakimbia kwa mstari mmoja. Hakuna anayemngoja mwenzake. Wiki iliyopita gari la mwisho halikufika. Dereva wake nilimfundisha kugawanya na kuzidisha, na alikuwa mzito wa kugawanya.

Jana alasiri, Zuhura binti yangu akiwa kisimani, nilifungua tarehe ya kompyuta nikairudisha nyuma. Leseni ina siku yake ya kuanza. Nilijua kwamba kompyuta ikiamini siku hiyo bado haijafika, programu itaikataa klé. Nilitaka konvoi ya kesho impite Hamisi. Baadaye ningerudisha tarehe, ningesema nimepata dawa yake, tungecheka.

Asubuhi hii walinipeleka garaji kwa baiskeli, nimefunikwa plastiki kama gunia la chumvi. Niliwasha kompyuta mbele yao wote.

"Mwalimu, iko inasema nini?" Byamungu aliniuliza.

"Inasema klé haitambuliki."

"Juzi si walikuwa wanatambuana vizuri? Wamegombana?"

"Labda klé inadai mahari," Hamisi alimtania Byamungu akiwa chini ya lori. "Patron, toa mbuzi tumalize."

Mafundi walicheka. Byamungu aliichomoa klé, akaipuliza kama mtu anayewasha mkaa, akaifuta kwa petroli, akairudisha. Haitambuliki. Tuliifuta programu yote tukaiweka upya kutoka kwenye sidii. Haitambuliki. Kila mara waligeuka kuniangalia mimi, na kila mara nilitikisa kichwa. Nilifanya hivyo vizuri. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, najua kutengeneza uso.

"Kama Mwalimu ameshindwa, sisi wajinga tutafanya nini?" Byamungu alisema. "Ni hii mvua. Iko inaingia mpaka ndani ya plastiki."

Nilianza kukunja waya wa kompyuta.

Nilidhani yamekwisha. Hamisi alitoka chini ya lori, akapangusa mikono kwa suruali.

"Si neno, baba. Tajiri amenipa lile lori la zamani, liko kule Gatete. Lile halina ubongo, halitabishana na mimi."

"Ngoja konvoi nyingine, mwanangu."

"Mawese yangengoja. Ila Zuhura, je? Mutoto anakuja mwezi huu, na nyumbani hakuna hata kanga mpya ya kumpokelea." Akacheka. "Nitakuletea mikate ya Bujumbura, ile laini, isiyopigana na meno yako."

Lori hilo nalijua. Linawaka kwa kusukumwa. Kwenye kilima hata mwenye baiskeli hulipita, na akiwa na adabu hulisalimia. Lori la Hamisi lina nguvu, lingekaa katikati ya msafara. Hili litabaki nyuma.

Mimi ndiye niliyempeleka nyuma.

Nilirudi nyumbani na kompyuta. Nilirudisha tarehe ya kweli, nikachomeka klé, nikasubiri. Nilikuwa tayari kutuma mtu garaji aseme Mwalimu amefaulu, leteni lori, wakati bado upo. Lakini skrini ilitoa maneno mengine. Yalisema kwamba tarehe imechezewa, klé imefungwa, niwasiliane na muuzaji. Muuzaji yuko Ulaya. Nilizima, nikawasha, nikaizungusha klé, nikaifuta kwa shati langu kama Byamungu. Maneno ni yale yale.

Shuleni saa ya ukutani ilipokwenda vibaya nilipanda kiti nikaisogeza mishale kwa kidole. Nilidhani hii nayo ni hivyo.

Sasa niseme lililo chini ya haya yote. Ningependa muamini kwamba nilifanya kwa kumpenda Hamisi. Nampenda, ndiyo. Lakini jana mkono wangu haukusukumwa na upendo.

Wanangu wa kiume wawili hawapo. Mmoja tulimzika vita vilipoanza. Mwingine alivuka ziwa na hajaandika tena. Kwetu mwanamume akifa, wanaume wake ndio wanaomwosha. Idi iliyopita nilimwomba Hamisi anioshe siku yangu ikifika. Alisema, "Nitakuosha, baba, ila usiwe na haraka, maji ni ya baridi." Tangu siku hiyo nalala vizuri. Nilikuwa nimepata mikono.

Jana nilipogusa tarehe, nililoliona mbele yangu si Hamisi barabarani. Niliuona mwili wangu mwenyewe juu ya ubao wa kuoshea maiti, na wageni wakiugeuza wakiulizana jina langu.

Nilikuwa nikiilinda mikono yake, si yeye.

Nimejaribu kutafuta njia ya kunyamaza. Huenda konvoi ikapita salama, nyingi hupita. Huenda Byamungu akaendelea kuilaumu mvua. Ningekufa nikiitwa Mwalimu ambaye kwake hakipotei kitu. Lakini Hamisi anadhani lori lake limekwamishwa na mvua, na kwa sababu hiyo amekubali lile bovu. Angejua ukweli, pengine angegoma. Pengine angekwenda vilevile. Hiyo ni juu yake, nami nimemnyang'anya.

Ameshakwenda Gatete kulichukua lori. Kabla ya magharibi atapita hapa kuaga na kuchukua disketi, kisha aende kupanga foleni kwenye kizuizi. Mimi hanisikilizi ninapomwambia abaki, anadhani ni woga wa wazee. Zuhura akisimama mlangoni na tumbo lile, hapiti. Lakini Zuhura hatasimama mlangoni bila kujua kwa nini.

Mkiyasoma haya yakiwa yamechelewa, huenda Hamisi alibaki, na disketi ikangoja mtu mwingine. Mkiyasoma mapema, sijui niwaambie nini.

Je, atakubali bado kuniosha, akishajua? Naona aibu kwamba hata sasa hilo ndilo ninalojiuliza.

Nasikia sufuria zikiepuliwa. Zuhura anakuja na birika na beseni, aninawishe mikono kama kila siku, kwa sababu siwezi tena kuinama. Nitamwambia kabla hajamimina maji.