Baba Amerudi Ulingoni

Barabara ya Holme 27,
Wigan, Lancashire,
Uingereza.

9 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Desmond,

Pokea salamu zangu na za wote tuliobaki huku nyumbani. Hujambo wewe? Colleen hajambo, na watoto? Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba jua la Geelong, huko Australia, halijakuchoma hadi ukasahau mvua ilivyo. Huku inanyesha tangu Jumapili. Mimi ni mzima wa mwili. Mume wangu Neville naye yupo, magoti yanamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Mama anakula kidogo na halali vizuri, na sababu utaiona hapa chini.

Nimejaribu kukupigia simu. Ile namba uliyotupa wakati wa Krismasi anapokea mwanamke ambaye hata jina lako halijui. Ndiyo maana naandika, na barua naituma kwa njia ya haraka. Isome ukiwa umekaa.

Baba yuko hospitalini. Ni moyo. Ninapoandika maneno haya yu hai, hilo lishike kwanza, mengine yafuate.

Mwezi wa nane walibandika tangazo nje ya ukumbi wa manispaa: wakongwe wa mieleka wanakutana, Jumamosi, saa kumi jioni. Saa yetu ile ile ya mieleka kwenye televisheni. Nadhani hata huko uliko, Jumamosi ikifika saa kumi, sikio lako moja linasikiliza kengele. Mimi langu linasikiliza. Unaikumbuka sebule ya Bibi, majirani wasio na televisheni wamebanana hadi mlangoni, vikombe vya chai juu ya magoti, na Bibi amekwisha kuvua kiatu kimoja tayari kumrushia Cyril Bagshaw kwenye kioo? Mchinjaji wa Barnsley, ndivyo alivyojiita ulingoni, na aproni yake na ndevu zile. Baba na kaptula yake nyeupe, akimpa adui mkono kabla ya kengele, na adui akiugeuzia mgongo. Ukumbi mzima ukizomea, halafu wakisikia anatoka Yorkshire, kwa mahasimu wetu wa jadi, wanazomea upya. Siku hizi Jumamosi saa kumi watu wako madukani. Inanitia uchungu kuliko ninavyopenda kukubali.

Utakumbuka pia tulivyokatazwa hata kumwangalia Cyril barabarani. Wawili wale hawakupanda gari moja wala kunywa baa moja. Siku ile Blackpool tulimkuta anamnunulia binti yake aiskrimu, na Baba akatugeuza hapo hapo tukavuka kwenda upande wa pili. Alitushika mikono kama kawaida yake, mimi kulia, wewe kushoto, akaminya mara moja, akangoja. Tukiminya na sisi, anavuka. Mmoja asipominya, havuki. Wewe ulikuwa unakataa makusudi, mtundu wewe, ukimwacha mzee wa watu kasimama ukingoni mwa lami hadi magari yatupigie honi. Hakukukemea hata siku moja. Alikuwa anangoja tu. Nilidhani ni mchezo wa kwetu nyumbani.

Sasa nirudi kwenye tangazo. Daktari alishamkataza Baba hata kubeba ndoo ya makaa. Alimwambia mbele yangu kwamba kuanguka mara moja tu kunaweza kummaliza. Baba akaitika kwa adabu, akavaa kofia, na tulipofika nyumbani nikamkuta anaipiga pasi ile kaptula.

"Naenda kupunga mkono tu, Avril."

"Kaptula ni ya nini basi?"

"Inapunga hewa."

Nilibishana naye wiki nzima. Neville alibishana naye. Mama peke yake ndiye aliyenyamaza. Nilipomwuliza kwa nini hasemi kitu, alijibu, "Mwanangu, huyu mtu tangu taa za ulingo zizimwe anakaa dirishani akitazama basi likipita. Unataka nimwambie nini?"

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa. Wale mabibi wa zamani wote walikuwepo, wamezeeka lakini mikoba ya kuwapigia waovu wa ulingoni wanayo, na pai za nyama mapajani. Mimi na Mama tulikaa mstari wa mbele, karibu na kona. Cyril alipoingia, upara unang'aa na ndevu nyeupe pe, walimzomea hadi vioo vikatetemeka, naye akawatukana vizuri sana. Halafu Baba. Desmond, watu walisimama. Watu wa makamo walikuwa wanalia. Alipanda kwa shida, akavua joho, akapunga mkono kama alivyoahidi. Nikashusha pumzi. Ndipo Cyril akaropoka mbele ya kipaza sauti, "Huyo babu mmemtoa makumbusho gani? Mrudisheni kabla hajavunjika."

Baba akatabasamu lile tabasamu. Nikajua tumekwisha.

Kengele ililia. Walishikana polepole mno, kama watu wanaohamisha kabati. Baba akamkunja mkono Mchinjaji, Mchinjaji akalia kama mtoto, ukumbi ukafurahi. Mimi nilikuwa nimeshika kingo za kiti. Nilimtazama Baba kifuani tu, sikutazama kitu kingine. Baadaye Cyril akamwinua na kumbwaga, na nakuapia alimlaza chini taratibu kuliko nesi. Baba akalala chali. Cyril akapiga goti juu yake, anawatolea watu meno, nao wanamtupia maganda ya machungwa.

Kutoka kwenye kona yetu niliweza kuona mkono wa Cyril uliofichwa na mwili wake. Ulikuwa umeshika kiganja cha Baba. Ukaminya mara moja. Ukangoja.

Nilijua ninachokitazama. Nilikijua kwa mkono wangu kabla sijakijua kwa akili. Cyril akaminya tena, akiwa bado anawachekea watu. Vidole vya Baba vilibaki wazi.

"Amka, Wilf, chai inapoa," mtu mmoja nyuma yangu alipaza sauti, na watu wakacheka. Mwingine akasema mzee anaigiza vizuri kuliko zamani.

Cyril hakunyanyua uso. Alijitupa chini ubavuni pa Baba, akauchukua mkono ule uliolegea, akauzungushia shingoni mwake mwenyewe, akaanza kupigapiga mkeka na kulia kwamba shingo inavunjika, kwamba ameshindwa, amekubali, mwachieni. Kati ya kelele hizo nilimsikia akimwambia mwamuzi kwa sauti ya chini, "Stan, leta watu wa gari la wagonjwa. Si mchezo." Mwamuzi akagonga kengele. Watu wakarusha kofia juu. Baba yetu ameshinda pambano lake la mwisho, Desmond, na hakuwa na habari nalo.

Cyril alimbeba mwenyewe hadi nyuma, mikononi, huku akiwakunjia watu uso wadhani anamteka nyara. Mama alikuwa amekwisha kufika njiani. Alimpiga kwa mkoba kichwani, akampiga tena, naye Mchinjaji akamngurumia kama inavyompasa, akapita. Mlango ulipofungwa ndipo akamlaza Baba chini. Watu wa huduma ya kwanza walikuwa pale pale na mashine yao. Walihangaika na Baba sakafuni, na sisi watatu, Mama, mimi na Cyril, tukasimama ukutani. Sitaki kuandika zaidi juu ya dakika zile.

Hospitalini tulikaa korido moja na Cyril, bado na aproni yake. Nilimwuliza kuhusu mkono. Alimtazama Mama, akasita, maana hata sasa kwao ni mwiko kutoa siri za ulingo.

"Ukiwa chini unaminya," alisema mwishowe. "Maana yake, uko salama, mwenzangu? Akiminya, tunaendelea. Miaka yote ile baba yako hajawahi kutonijibu."

"Kwa nini hukusimamisha kwa kupiga kelele tu?"

"Wangejua ameanguka. Wilf haanguki mbele ya watu wa Wigan." Alipapasa nundu iliyomtoka juu ya sikio. "Edna, leo mkoba ulikuwa na nini?"

"Mkebe wa peremende," Mama alisema. "Nilisahau kuutoa."

"Siku zote ulikuwa mtupu."

"Siku zote nilikuwa siogopi." Akamshika mkono, akaanza kulia. Kumbe Mama alijua tangu enzi hizo kwamba uadui wao ni wa kuigiza, na kabla ya kwenda kumpiga mtu alikuwa anamwaga vitu vyake vyote kwenye kiti. Hakumwambia yeyote, hata Baba. Kila mmoja alikuwa analinda siri hiyo hiyo dhidi ya mwenzake.

Unaikumbuka Jumapili ile ya nyama ya kuoka, kabla hujasafiri. Ulimwambia Baba mezani kwamba yeye ni mwigizaji tu, kwamba wanapatana nani ashinde kisha wanachukua pesa za wajinga. Ukamwuliza, ni kweli au ni uongo? Akaweka uma chini. Hakukujibu, nawe ukaondoka na jibu lako mwenyewe, na tangu hapo mnatumiana salamu kupitia kwa Mama kama watu wa ofisi mbili. Sikuandikii nikuhukumu. Nakwambia nilichokiona kutoka mstari wa mbele. Kushinda walipatana, ndiyo. Ule mkono hakuna aliyeuigiza.

Upasuaji umepangwa tarehe ishirini na mbili. Daktari hakunificha. Amesema umri ni mkubwa, moyo umechoka, na hawezi kuniahidi chochote. Ndege zipo. Neville ameuliza.

Mama anakusalimu sana na anasema uje na koti zito. Neville anakusalimu. Binti yangu Joanne anakuulizia, anataka kujua kama bado unapiga mluzi kwa vidole viwili. Cyril Bagshaw naye anakusalimu, mambo ya dunia hayo. Anakuja kila siku kwa basi kutoka Barnsley, anapitia mlango wa nyuma asije akaonekana, na wanaume wawili wa wodi ile wamekwisha kumzomea.

Salamu za Baba nimeziacha za mwisho. Kusema hawezi, ana mpira wa kupumulia mdomoni. Jana nilikaa kulia kwake, nikamshika mkono, nikaminya mara moja. Nilingoja hadi nikakata tamaa, ndipo akaminya. Nililia, nakiri. Lakini baada ya hapo niliona mkono wake wa kushoto, ule wa upande wa dirishani, unaminya shuka. Unaminya mara moja, unaachia, unangoja. Halafu tena. Nilizunguka kitanda nikampa mkono wangu upande huo. Akaupapasa, akautambua, akauachia. Akarudia shuka.

Bado anangoja, Desmond. Wewe unajua hawezi kuvuka mmoja asipominya.

Mungu akulinde wewe na wako, akufungulie njia, na akufikishe salama kabla ya tarehe hiyo.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata unapokuwa mkaidi,

Avril